Kipupwe cha Karatu: Kuni hupasuliwa Februari, jiko hulala nje

Basi la asubuhi kutoka Arusha hufika Mto wa Mbu likiwa na madirisha wazi. Hapo ni chini, mita zisizofika 1,000 kutoka usawa wa bahari. Ndizi nyekundu zimepangwa kando ya barabara na wauzaji wamevaa fulana hata mwezi Juni. Kisha barabara inaukabili ukuta wa Bonde la Ufa. Inapanda kwa kona, Ziwa Manyara linabaki chini upande wa kushoto, nyani wamekaa kwenye kingo kama watu wanaongoja lifti, na kabla basi halijafika Kilimamoja dirisha la kwanza limefungwa. Rhotia linafungwa la pili na la tatu. Karatu mjini, abiria waliopanda na kandambili wanashuka wamejikunja, na wenyeji wanawatambua papo hapo. "Huyu katoka joto," wanasema.

Mji wa Karatu upo mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ambao kwa gari ni safari fupi tu kutoka hapo, upo mita 2,300 hivi. Kanuni ya jumla ni kwamba kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 au karibu na hapo. Kwa hiyo mtu aliyeondoka Mto wa Mbu akapanda hadi ukingoni amepoteza nyuzi 8 njiani, na jua bado halijachwa.

Hesabu hiyo haijagusa upepo. Kati ya Juni na Agosti kusi huvuma ikitoka Bahari ya Hindi na unyevu wake. Ikifika kwenye nyanda za juu za Ngorongoro haina pa kupita ila juu, na ikipanda inapoa na kuwa wingu. Wingu hilo halikai angani kama mawingu mengine. Linakaa juu ya mashamba ya kahawa ya Oldeani, juu ya mabati ya Tloma, katikati ya barabara ya kwenda lango la Lodoare ambako madereva huwasha taa saa nne asubuhi. Kuna siku jua halionekani mpaka mchana umeingia. Cha kushangaza ni kwamba ukivuka tu mlima kuelekea Olduvai na Serengeti, anga ni la bluu na vumbi linatimka nyuma ya magari.

Huo ndio msimu wa kipupwe. Kila mwaka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza mwelekeo wake kabla haujaanza. Dar es Salaam watu huusikiliza kama habari nyingine za redio, tena wengine kwa furaha. Karatu, kama ilivyo Mbulu, Lushoto, Njombe na Makete, wanausikiliza kama notisi ya mwenye nyumba.

Wageni wanaokuja kuona faru na simba hawalijui hilo. Mjerumani au Mwingereza anashuka kwenye gari na kaptura, maana kwenye kichwa chake Afrika ni joto. Kwao maandalizi ya baridi huanza Septemba au Oktoba, majani yanapoanguka: fundi anaitwa kukagua boila, mabomba ya joto yanatolewa hewa, dohani inasafishwa. Ujerumani fundi wa dohani si wa hiari, sheria inamtaka apite akague. Sisi hatuna jina la msimu huo wao, na hata tukiuita vuli, vuli yetu ni mvua. Majira ya kujiandaa Karatu ni mengine kabisa, na hayaanzi mwezi Mei kama mtu wa pwani anavyoweza kudhani. Yanaanza Februari.

Sababu ni kuni. Masika huanza Machi na kuendelea mpaka Mei, na kipupwe hufuata nyuma yake moja kwa moja bila kupumzika. Mtu aliyengoja Mei ndipo akate kuni atakuwa na kuni mbichi, zilizonyeshewa, za kuwashia Juni. Kuni mbichi zinaungua, lakini moto unatumia nguvu zake nyingi kuchemsha maji yaliyomo ndani ya mti kabla haujampa mtu joto. Kinachobaki ni moshi. Ndiyo maana katika jua kali la Januari na Februari, wakati hakuna anayewaza baridi, utasikia shoka kwenye nyua za Rhotia na Endabash. Migrevilea iliyopogolewa kwenye mipaka ya mashamba na mikaratusi iliyoanguka hupasuliwa na kupangwa chini ya upenu, upande ambao mvua haipigi. Wazee wanapanga kuni kwa kupishana, safu moja hivi na nyingine vile, ili upepo upite katikati. Kijana akizirundika tu, ataambiwa azipange upya.

Kuna kuni nyingine ambazo mgeni hazijui. Karatu hulima mbaazi pamoja na mahindi, na mbaazi ikishavunwa huacha mti mwembamba mgumu unaowaka vizuri sana, bila majivu mengi. Lakini mbaazi huchelewa shambani kuliko mahindi. Miti yake inapatikana baridi ikiwa inaelekea kuisha, kwa hiyo familia yenye akili huifunga mizigo, huihifadhi, na kuitumia kipupwe kinachofuata. Magunzi ya mahindi nayo huwekwa kwenye viroba. Hayafai kupikia makande, yanaisha upesi, ila kwa kuwashia moto wa alfajiri hakuna kama magunzi.

Wanaoishi karibu na msitu wa nyanda za juu, ule unaozunguka mlima na ambao chemchemi nyingi za Karatu hutoka humo, wana kishawishi kingine. Msitu upo chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro na kukata mti humo ni kosa. Kina mama wanaozijua taratibu huokota matawi makavu yaliyoanguka, huenda kwa makundi, na hurudi mapema. Hawaogopi askari tu. Msituni kuna nyati, na kuna tembo ambao usiku huvuka mpaka kuja kwenye mahindi. Mzigo wa kuni ukiwa kichwani mtu hawezi kukimbia.

Zamani hata nyumba yenyewe ilijengwa kwa kuiwaza baridi. Wairaqw, ambao ndio wengi katika wilaya hii, walijenga tembe zilizoingia ardhini kwenye mteremko wa kilima, paa likiwa la udongo uliotandazwa juu ya miti. Kwa mbali mtu aliona kilima tu. Wanaosimulia historia husema sababu kubwa ilikuwa kujificha na uvamizi wa mifugo, na hilo ni kweli, ila tembe ilikuwa na faida ya pili. Udongo mnene hupokea joto polepole na kuliachia polepole. Mchana ndani kulikuwa na ubaridi mzuri, usiku kulikuwa na vuguvugu, tena ng'ombe na mbuzi walilala humo humo, na mwili wa ng'ombe hutoa joto jingi. Harufu ilikuwepo, lakini hakuna aliyeamka meno yakigongana.

Leo tembe ni adimu. Watu walihamia vijiji vilivyopangwa miaka ya 1970, watoto wakasoma, wakajenga kwa matofali ya kuchoma, wakaezeka bati, na ni nani atakayewalaumu? Bati halivuji, halihitaji kutengenezwa kila mvua zikiisha, na tembe haimpi mtu heshima mbele ya wakwe. Lakini bati na baridi ni marafiki. Usiku wenye anga wazi bati hupoteza joto kuelekea juu upesi sana, na kama chumba hakina dari, joto la watu waliolala hupanda likagusa bati na kugeuka matone. Alfajiri matone hayo huwadondokea wenye nyumba usoni. Wapangaji wa vyumba vya nyuma mjini Karatu wanaijua mvua hiyo ya ndani.

Katika chumba kimoja cha namna hiyo ndiko alikoletwa binti mmoja aliyeolewa kutoka Mang'ola. Mang'ola ni Karatu pia, wilaya ni moja, lakini ipo chini kwenye bonde la Ziwa Eyasi, nchi ya vitunguu na joto, ambako watu hulala na shuka moja mwaka mzima. Mumewe ni mlinzi wa usiku katika nyumba ya wageni. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mwishoni mwa Mei, na kliniki mama aliambiwa jambo ambalo kila mama huambiwa: mtoto mchanga hupoteza joto haraka, asiachwe apoe.

Alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Alinunua soksi na kofia kwenye mitumba siku ya mnada. Alitandika magunia mlangoni. Aliziba tundu la dirisha kwa gazeti na kanga. Usiku, mume akishaondoka, aliingiza jiko la mkaa ndani. Hakuwa mzembe kama watu walivyokuja kusema baadaye. Aliliwashia uani, akangoja moshi wote uishe, makaa yawe mekundu kabisa, yasitoe hata uzi wa moshi, ndipo akaliingiza na kufunga mlango. Kwao walimfundisha kwamba kibaya ni moshi.

Hapo ndipo penye mtego wa mkaa, na kila kipupwe kuna familia hapa nchini zinazokutwa zimelala moja kwa moja kwa sababu yake. Moshi unawasha macho, unakohoza, unamtoa mtu nje apende asipende. Makaa mekundu yasiyo na moshi hayafanyi hivyo. Yanapoungua katika chumba kisicho na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyowasha koo. Ikiingia mapafuni hushikana na damu kwa nguvu zinazozidi za oksijeni mara 200 na zaidi, kwa hiyo damu inazunguka mwilini ikiwa imebeba mzigo usiofaa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kuishiwa nguvu. Aliye macho anaweza kudhani ni malaria au uchovu. Aliyelala hadhani chochote. Na kadiri mtu alivyoziba matundu vizuri ili kumkinga mtoto na baridi, ndivyo alivyoifungia gesi hiyo ndani pamoja naye.

Usiku wa tatu binti yule aliamka kichwa kikimgonga, akataka kusimama, miguu ikakataa. Kilichomsaidia ni mlango mbovu. Ulikuwa na komeo lililolegea, na alipouegemea ulifunguka, akaangukia kibarazani na mtoto mkononi. Jirani aliyekuwa anatoka kwenda msalani ndiye aliyepiga kelele. Wote wawili walipelekwa hospitali na wote wawili walirudi nyumbani.

Mama mkwe alifika kesho yake kutoka kijijini na kikapu cha maziwa mgando na mzigo wa miti ya mbaazi. Majirani walitarajia ugomvi.

"Shikamoo mama," binti alisema bila kuinua uso.

"Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu yuko wapi?" Akampokea mtoto, akamweka kifuani ndani ya mgolole, akakaa kitako. Muda mrefu hakusema neno. Kisha akauliza, "Kwenu Mang'ola mnaota moto?"

"Hapana mama."

"Basi nani angekufundisha? Kosa ni letu tuliokuoa tukakuacha peke yako na baridi."

Siku hiyo ndiyo yalianza maandalizi ambayo kwa kweli yalitakiwa kuanza mapema. Bibi alitaka viroba. Alitumwa kijana kwa muuza mbolea, akaja na viroba vitupu vilivyosafishwa, vikafumuliwa, vikashonwa kwa sindano ya magunia hadi vikawa shuka moja pana. Shuka hilo lilivutwa chini ya kenchi na kugongewa misumari pande zote. Dari ya mbao ndogo ni ya mwenye uwezo, lakini hata viroba vinakata safari ya joto kwenda kwenye bati, na matone yanaangukia juu yake badala ya kumwangukia mtoto. Gazeti la dirishani lilitolewa. Mahali pake pakawekwa pazia zito, na tundu la juu, lile ambalo mafundi huliacha ukutani karibu na paa, likaachwa wazi. "Upepo wa chini ndio unaoumiza," bibi alisema, "wa juu ni wa kupumua." Mlangoni magunia yalibaki. Kitanda kilisogezwa kutoka ukuta wa nje, kwa sababu ukuta wa tofali moja usioguswa na jua humnyonya joto aliyeuegemea usiku kucha.

Mtoto alihamia kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa na nepi na kofia, blanketi likiwafunika wote. Manesi huwafundisha hivyo kina mama waliojifungua watoto njiti, nao huita huduma ya kangaruu. Bibi hakulijua jina hilo, ila alisema yeye alilea saba namna hiyo. Kuoga kukahamishwa kutoka jioni kwenda saa saba mchana, wingu likishapanda.

Jiko je? Linawashwa uani, linapika uani, linachemsha maji uani. Maji ya moto yanaingia ndani kwenye chupa ya plastiki ngumu iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa, yanawekwa miguuni saa moja kabla ya kulala, na kwa mtoto mdogo chupa inatolewa kabla hajalazwa ili isimuunguze. Jiko lenyewe hulala nje. Hata makaa yakibaki mazuri, hata kama ni hasara.

Ni hasara kweli, na wanaotoa mawaidha kuhusu mkaa aghalabu hulisahau hilo. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga ifikapo 2034 Watanzania asilimia 80 wawe wanapikia nishati safi. Ni lengo jema. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, kwa sehemu kubwa moshi wa jikoni, ilichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na nimonia ya watoto wadogo ni sehemu ya mzigo huo. Mitungi ya gesi ya kilo 6 sasa inaonekana kwenye maduka ya Karatu mpaka vijijini. Lakini sikiliza kina mama wa nyanda za juu wanavyozungumza Julai. Gesi inapika chai kwa dakika chache kisha inazimwa, na chumba kinabaki kama kilivyokuwa. Mafiga yanapika makande kwa saa tatu, na kwa saa hizo tatu watoto wamezunguka moto, nguo za shule zinakauka juu, bibi ananyoosha magoti yake. Jiko la kuni lilikuwa linafanya kazi mbili. Nishati safi imekuja kuchukua moja, na ya pili imeachwa bila mtu. Ndiyo maana nyumba nyingi zenye mtungi hurudi kwenye kuni na mkaa kila baridi inapofika, na si kwa ubishi.

Umeme nao una hesabu yake. Hita ndogo ya wati 1,500 ikiwaka saa nne kila usiku inakula uniti 6. Kwa mwezi ni uniti 180. Mteja wa matumizi madogo wa TANESCO hatakiwi kuzidi uniti 75 kwa mwezi, akizidi anapandishwa kwenda bei ya juu. Mlinzi wa usiku hawezi kuota moto huo. Bei ya blanketi la pili anaweza kuifikia, na ndiyo maana siku ya mnada mwezi Mei meza za mablanketi, masweta na makoti ya mitumba zinajaa kuliko meza za sufuria. Mnunuzi mzoefu hakimbilii blanketi zito. Huchukua mawili mepesi, kwa sababu hewa inayonaswa katikati ndiyo inayotunza joto, na moja likifuliwa siku ya ukungu jingine linabaki kavu.

Kule juu ukingoni mambo ni makubwa zaidi. Hoteli za Ngorongoro zina sehemu za kuotea moto zenye dohani za mawe, na wahudumu huanza kuwasha kabla jua halijazama. Wageni huzipenda, hupigia picha. Ukweli ni kwamba moto wa namna hiyo hupeleka sehemu kubwa ya joto lake juu angani kupitia dohani, mtu anaiva usoni na mgongo unaganda. Watumishi wanalijua hilo, ndiyo maana silaha yao halisi ni mfuko wa mpira wenye maji ya moto unaowekwa chini ya blanketi mgeni akiwa bado mezani. Kuna hadithi wahudumu hawachoki kuisimulia, ya mgeni aliyeingia kitandani gizani, akagusa kitu cha vuguvugu kilicholainika, akatoka mbio akidhani ni mnyama.

Kazi ya kabla ya msimu huko ni ya dohani. Masizi yakirundikana ndani, au ndege akijenga kiota masika nzima hakuna aliyewasha, hewa hairudi juu. Inarudi chumbani, na ile gesi ya chumba cha Karatu inaweza kuingia hata kwenye chumba cha dola mia kadhaa. Baadhi ya wageni husafiri na kifaa kidogo kinacholia kikiinusa gesi hiyo, kitu cha kawaida katika nyumba za Ulaya na ambacho si cha kawaida kabisa katika nyumba zetu. Wapiga kambi hawana dohani wala kifaa. Kambi ya Simba ipo wazi ukingoni, hema limelowa umande, na waongozaji wa Arusha waliozoea hulala na soksi mbili na kofia, wakiwaonya wateja wao wasije wakaingiza jiko hemani. Kila msimu yupo anayeuliza kama inaruhusiwa.

Mbele zaidi, Nainokanoka, karibu na kreta ya Olmoti, Wamasai wanaishi na ubaridi ambao Karatu inaogopa kuutaja. Huko mwanamke ndiye mjenzi. Kabla ya baridi anakandika upya kuta na paa kwa udongo na samadi, anaziba nyufa za jua la Februari. Nyumba ni ya chini, mtu mzima anaingia ameinama, njia ya kuingilia inapinda ili upepo usipige moja kwa moja, na ndama wachanga wana sehemu yao ndani. Moto upo katikati na hauzimwi. Tundu dogo la ukutani ndilo dirisha, na mama mwenye nyumba hulifungua na kulipunguza kwa kitambaa usiku kucha, akiamka bila saa. Macho ya wazee yanauma kwa moshi, watoto wanakohoa, na hilo lisifichwe kwa sifa za utamaduni. Tena ndani ya hifadhi mtu haruhusiwi kujenga atakavyo wala kulima, kwa hiyo nyumba ya tofali yenye dohani si jambo la kuamua mwenyewe asubuhi. Lakini tundu lile haliwi limezibwa kabisa. Mama wa Nainokanoka anajua jambo ambalo binti wa Mang'ola hakuwa ameambiwa na mtu.

Mjini Karatu, mwezi Julai, saa kumi na mbili jioni. Mlinzi anavaa koti lake la mitumba lenye nembo ya timu ya nchi asiyoijua, anachukua tochi na rungu. Mkewe amemfunga mtoto kifuani, kofia nyekundu inachungulia juu ya kanga. Bibi amekwisha kurudi kijijini kuwahi mahindi, lakini ameacha maagizo na majirani wawili wameyashika vizuri kuliko mwenyewe. Mmoja anapita uani akichungulia.

"Jiko liko wapi, mama?"

"Liko nje, dada. Lione pale."

Lipo pale kweli, chini ya upenu karibu na kuni za bibi, limefunikwa sufuria kuukuu ili umande usiyalowanishe makaa yaliyozimwa ya kesho. Ukungu umeshashuka mpaka kwenye mikaratusi ya barabara kuu. Dirishani pazia limeshushwa, na juu, karibu na paa, tundu liko wazi.